Swali la Mfasiri: William Ngidi, Askofu Colenso na Mashaka ya Imani katika Natal, 1855–1883

Historia ya mvutano kati ya imani ya Kikristo na sayansi katika karne ya 19 husimuliwa kwa kawaida kana kwamba ilikuwa habari ya Ulaya peke yake: Charles Darwin alichapisha kitabu chake mwaka 1859, maaskofu wakapinga, na Waafrika wakaja kupokea imani na mashaka yake baadaye. Makala hii inapinga mtazamo huo. Inadai kwamba mmojawapo wa migogoro mikubwa ya Kanisa la Anglikana katika karne hiyo ulichochewa kwenye meza ya tafsiri, kwa swali la Mwafrika.

John William Colenso alikuwa mwanahisabati kabla ya kuwa askofu, na vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule nyingi za Uingereza. Aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Natal mwaka 1853, akahamia huko na familia yake mwaka 1855. Katika kituo cha Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, alijifunza Kizulu na kutafsiri Maandiko akisaidiwa na Wazulu. Walipofikia habari za Gharika, msaidizi mmoja, ambaye wanahistoria humtambua kuwa ni William Ngidi, alimuuliza iwapo mambo hayo yalitukia kweli: je, wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani wawili wawili, na Nuhu akawalisha wote?

Swali hilo lilimkuta Colenso akiwa amekwisha kusoma jiolojia ya Charles Lyell. Alijua kwamba vilima vya volkeno vya Auvergne, Ufaransa, vimefunikwa na mawe mepesi ambayo gharika ya dunia nzima ingeyasomba. Hakuwa tayari kumjibu mfasiri wake kwa uongo. Kuanzia mwaka 1862 alichapisha uchunguzi wake wa Torati, akitumia hesabu. Wanaume 600,000 wa Kutoka, pamoja na wake na watoto, ni zaidi ya watu milioni mbili. Umati huo usingeweza kukusanyika mlangoni pa hema, katika ua wenye urefu wa dhiraa 100 na upana wa dhiraa 50.

Hata hivyo, sayansi haikuwa chimbuko pekee la mashaka hayo. Colenso alieleza pia jinsi Mkristo Mzulu aliyemsaidia alivyochukizwa aliposikia sheria ya Kutoka 21, isiyomwadhibu bwana ambaye mtumwa wake amekufa siku moja au mbili baada ya kupigwa, kwa hoja kwamba mtumwa ni fedha yake. Hapa kilichohoji ni dhamiri. Msikilizaji alikuwa amefundishwa kwamba Mungu ni mwenye rehema, na kwa mafundisho hayohayo akaipima sheria aliyosomewa. Kwa mantiki hiyo, sehemu ya mashaka ilizaliwa na imani yenyewe.

Mwaka 1863, Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu Colenso kwa uzushi na kumtangaza kuwa amevuliwa uaskofu. Mwaka 1865, Baraza la Faragha la Uingereza liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Mwaka 1866 Gray akamtenga na Kanisa. Wenye kejeli walicheka kwamba askofu aliyetumwa kuwaongoa Wazulu ameongolewa na Mzulu. Kejeli hiyo inadhihirisha kwamba kilichowaudhi watu ni jibu la Colenso na vilevile asili ya aliyeuliza.

Colenso hakuiacha imani. Aliendelea kuhubiri, na baadaye alimtetea Langalibalele, mtawala wa Wahlubi, akiyachambua mashtaka ya serikali ya kikoloni kwa umakini uleule alioutumia kwa Torati. Alifariki mwaka 1883.

Kisa hiki kinaigusa pia historia ya Kiswahili. Charles Mackenzie, aliyekuwa msaidizi wa Colenso huko Natal, ndiye aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa misheni ya vyuo vikuu, ambayo mwaka 1864 ilihamia Zanzibar. Huko Edward Steere alitafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Watafiti wamezoea kuuliza ni maneno gani wenyeji walimpa Steere. Kisa cha Ngidi kinatutaka tuulize pia ni maswali gani walimpa, kwani anayetafuta neno sahihi hulazimika kwanza kujua kama habari anayoibeba ni ya kweli.