Hamsini na Sita kwa Maneno

Jumatatu ya tarehe 1 Aprili 2019 nilifungua duka la dawa ninakofanya kazi, kwenye mji mmoja wa Uingereza, na cheti cha kwanza kuwekwa kaunta kilikuwa cha pregabalini. Daktari aliandika 56 kwa tarakimu tu. Tangu asubuhi hiyo sheria ilitaka idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi ya benki. Nikachukua kalamu, nikaongeza "hamsini na sita" kwa Kiingereza, nikatia sahihi. Dawa niliyoigawa Ijumaa kama nyingine yoyote ya cheti sasa ilikuwa miongoni mwa dawa zinazochungwa, pamoja na ndugu yake gabapentini.

Mwenye cheti alikuwa bibi wa Kizanzibari, mgonjwa wa kisukari, ambaye nyayo zake huwaka moto usiku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo wanitaka sahihi?"

Nilipomweleza, alinyamaza kidogo. Kisha akasema mwezi uliopita alisafiri akavisahau vidonge. Siku ya pili alitota jasho, usingizi ukamruka, moyo ukawa wamdunda. "Nikajua hii si dawa ya miguu tu."

Nilikulia Tanga. Neno arosto nililisikia vijiweni, likisemwa juu ya mateso ya vijana waliokosa unga, yaani heroini. Sikutegemea kulikumbuka mbele ya mwanamke anayenunua pia matone ya macho.

Gabapentini ilizaliwa Ujerumani miaka ya 1970, katika maabara za tawi la kampuni ya dawa ya Parke-Davis. Wataalamu walichukua GABA, kemikali inayotuliza ubongo, wakaifunga pete ya kaboni ili iweze kupenya kutoka kwenye damu hadi ubongoni. Jina likatoka hapo, na jina likatupotosha, kwa sababu dawa haigusi kabisa milango ya GABA. Marekani iliikubali mwisho wa 1993 kwa ajili ya kifafa. Ilikuwa 1996 ndipo watafiti walipotambua mahali inaposhika: kipande cha milango ya kalsiamu kwenye neva. Ikikalia hapo, neva iliyojeruhiwa hupunguza kelele. Pregabalini nayo ilitoka mikononi mwa Richard Silverman na Ryszard Andruszkiewicz wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mwishoni mwa miaka ya 1980, ikapata kibali Marekani mwisho wa 2004.

Katikati ya hayo kuna jambo linaloniuma. Gabapentini ilikuwa na kibali cha kifafa tu, lakini ilinadiwa kwa madaktari kwa maumivu na kwa maradhi ya akili. Mwanabiolojia David Franklin, aliyeajiriwa na Parke-Davis mwaka 1996, alikaa miezi michache, akaondoka, akaenda mahakamani. Mwaka 2004 Warner-Lambert, kampuni mama, ilikiri kosa na kulipa dola milioni 430. Kibali cha maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi kilikuja 2002, dawa ikiwa imeshaenea.

Na dalili za uraibu hazikufichwa. Maelezo rasmi ya pregabalini yanasema kwamba katika majaribio ya watu zaidi ya 5,500, asilimia 4 ya walioimeza walijisikia furaha isiyo ya kawaida, dhidi ya asilimia 1 ya waliopewa kidonge kitupu. Watu 15 waliozoea kutumia dawa za usingizi kwa starehe walipewa miligramu 450, wakaipenda karibu sawa na diazepamu. Marekani iliiweka pregabalini kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa tangu 2005. Hapa Uingereza ilichukua miaka 14 zaidi.

Ili kuelewa furaha hiyo inavyonasa, turudi nyuma: mwaka 1954, Montreal, James Olds na Peter Milner walimchomeka panya waya ubongoni, wakampa wenzo. Akaubonyeza mara mamia kwa saa. Waya uligusa njia inayotuambia "hili zuri, rudia", na dopamini ni tarishi wa njia hiyo. Heroini huivamia kwa nguvu. Pregabalini haina nguvu hiyo, lakini ina kasi, na ubongo huipenda kasi: tumbo likiwa tupu, hufika kilele kwenye damu ndani ya saa moja, na ukiongeza dozi mwili huipokea karibu yote. Gabapentini hupita kwenye utumbo kwa njia nyembamba inayojaa, kwa hiyo kadiri unavyoongeza ndivyo sehemu kubwa inavyopotea. Anayetafuta stimu anaujua upesi huo wa pregabalini hata kama hajui kemia yake. Balaa kubwa ni kuichanganya na heroini, methadoni au tramadoli, maana zote hupunguza pumzi, na mtu hulala asiamke.

Nilimwambia bibi asiikatishe ghafla kamwe; daktari humpunguzia kidogo kidogo. Kisha nikamuuliza kama anameza dawa nyingine ya maumivu.

Akafungua pochi, akatoa ukanda wa tramadoli, vidonge sita vimebaki. Jirani alimpa, kwa huruma. Nikamwomba aniachie. Akausogeza upande wangu wa kaunta, akachukua kalamu, akatia sahihi yake taratibu kwa herufi za Kiarabu.