Matatizo ya ulaji: wanaume nao wamo

Wadau, mwezi wa 4 mwaka 2008 John Prescott, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia 1997 hadi 2007, alikiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa anakula mpaka anavimbiwa, halafu anakwenda kujitapisha. Ndiyo, yule yule mzee aliyempiga ngumi jamaa aliyemrushia yai mwaka 2001. Alisimulia kwamba alipokwenda kwa daktari bingwa alikuta chumba cha kusubiri kimejaa wasichana, mwanaume ni yeye peke yake. Aibu tupu. Wapo waliomcheka: mwili wote ule, bulimia inatoka wapi?

Inatoka hapa. Bulimia ni kufakamia chakula kingi kwa muda mfupi, unaona kabisa huwezi kujizuia, kisha unakitoa kwa kujitapisha au kwa dawa za kuharisha, au unafidia kwa kufunga na mazoezi mpaka basi. Mgonjwa mara nyingi ana uzito wa kawaida au zaidi, hivyo kwa macho humjui. Anoreksia ni tofauti: mtu anajinyima chakula na anaogopa kunenepa hata kama amebaki mifupa. Lipo na la tatu, kufakamia bila kutoa.

Ugonjwa wa kinadada, siyo? Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2007 ulikuta waliowahi kuugua anoreksia ni asilimia 0.9 ya wanawake na 0.3 ya wanaume. Bulimia ni 1.5 kwa 0.5, na kufakamia bila kutoa ni 3.5 kwa 2.0. Piga hesabu mwenyewe. Wala si mambo ya kileo. Mwaka 1689 daktari Mwingereza Richard Morton aliandika juu ya wagonjwa wawili waliokonda bila sababu aliyoweza kuiona mwilini. Mmoja binti, ambaye alikufa. Wa pili alikuwa kijana wa kiume wa miaka 16, mtoto wa mchungaji, akashauriwa aache masomo, akakae shamba, apande farasi na anywe maziwa. Akapata nafuu.

Sasa walisahaulikaje? Mpaka mwaka 2013, mwongozo wanaoutumia madaktari wa akili wa Marekani ulitaja kukosa hedhi miezi 3 mfululizo kama kipimo kimoja cha anoreksia. Mwanaume atakosa hedhi gani jamani! Kwake homoni za kiume ndizo zinashuka na hamu ya tendo la ndoa inapotea, na hilo nani anakwenda kumwambia daktari?

Nitawapa kisa ninachokijua. Chuoni nilikaa chumba kimoja na jamaa mmoja mbeba vyuma. Siku mbili tatu hagusi kitu, siku ya nne anamaliza ugali wa watu watatu, kisha anaingia bafuni na kufungulia maji muda mrefu. Tukasema ni vidonda vya tumbo. Alipoanza kukonda tukanong'ona kwamba ni ngoma (tulikuwa wajinga, nakiri). Akapima, hana. Zahanati wakampa dawa za vidonda, akazimeza miezi. Kwetu kitambi ni heshima na mwanaume kukonda ni maradhi au kufulia, kwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba mwenzetu anakonda kwa kutaka.

Siku moja akazimia uwanjani. Daktari aliyempokea hakuanza na tumbo, alianza na mikono. Akaona makovu kwenye vifundo vya vidole, yanayotokana na meno mtu anapoingiza vidole kooni. Akatazama meno, yamelika kwa tindikali ya tumbo. Mashavu yamevimba kwa tezi za mate. Akatutoa nje, akamuuliza jamaa swali moja tu: unajitapisha mwenyewe?

Kilichomwangusha ni upungufu wa potasiamu. Ukitapika kila siku unapoteza madini hayo, na bila hayo mapigo ya moyo yanavurugika. Moyo unaweza kusimama hata kwa kijana mwenye kifua cha kutisha.

Na kifua chenyewe kina mambo yake. Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake, Marekani, waliandika kuhusu wabeba vyuma waliojaa misuli lakini wakijitazama wanajiona wembamba. Wakauita anoreksia ya kinyume. Siku hizi unawekwa kwenye kundi la hofu juu ya maumbile, si la ulaji, ila mezani mambo yanafanana: mayai ya kuhesabu, kuku wa kupima kwenye mizani, harusi haiendeki kwa sababu kuna pilau.

Tiba ipo. Msingi wake ni mazungumzo na mtaalamu yanayobadilisha fikra na mazoea, na kwa vijana wadogo familia nzima huingizwa. Dawa husaidia baadhi ya wenye bulimia. Kwa Dar, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Jamaa yangu alitibiwa zaidi ya mwaka, akarudi nyuma mara mbili, leo anakula na wenzake.

Angalizo kwa mwenye ndugu aliyekonda sana: msimjazie sahani mkidhani mnamwokoa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya kwenye damu yanashuka na mtu anaweza kufa. Mpelekeni hospitali kwanza, aanzishiwe kidogo kidogo huku damu ikipimwa.