Nepi za Kitambaa za Kufua: Matumizi Yake na Milango ya Msaada wa Halmashauri kwa Wananchi wa Nyakisasa, Ngara

Mzazi wa mtoto mchanga katika Kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, mkoani Kagera, ana njia mbili za kumhifadhi mwanawe. Anaweza kumfunga nepi ya kitambaa inayofuliwa na kutumika tena, au kumvisha nepi ya kutupwa, ile ambayo wananchi huiita pampasi na ambayo katika hotuba za bajeti ya Serikali hutajwa kama taulo za watoto. Zipo kaya zinazochanganya zote mbili: kitambaa nyumbani, pampasi safarini au siku ya kwenda kliniki. Makala haya yanaeleza namna nepi ya kitambaa inavyotumika kwa usalama, gharama yake halisi katika mazingira ya kijijini, na msaada ambao mwananchi anaweza kuupata kwa halmashauri yake kwa mujibu wa sheria zilizopo.

Nepi ya kitambaa si jambo geni. Kabla ya nepi za kutupwa kuenea, mtoto alifungwa winda la khanga iliyochakaa, kipande cha shuka au kitambaa cha pamba, kikabanwa kwa pini au kufundikwa kiunoni. Neno pampasi lenyewe limetokana na jina la bidhaa ya Pampers iliyoanza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1961. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni umbo la nepi ya kitambaa: sasa hushonwa kwa mkato wa chupi, ikawa na vifungo vya kubana, tabaka za ndani za flana au taulo, na kifuniko cha nje kisichopitisha maji. Kazi yake, hata hivyo, ni ileile ya winda la bibi.

Sababu ya kwanza ya kurejea kwenye kitambaa ni fedha. Mtoto anayetumia nepi 4 za kutupwa kwa siku atatumia 1,460 kwa mwaka na 2,920 kwa miaka miwili. Kwa mfano wa hesabu tu, zikinunuliwa kwa shilingi 500 kila moja, kaya itakuwa imetumia shilingi 1,460,000 kabla mtoto hajajifunza kujisaidia. Kila msomaji anaweza kuweka bei ya duka la kijijini kwake na kupata jibu lake. Ikumbukwe pia kwamba mwenye kipato kidogo hununua moja moja badala ya pakiti nzima, na anayenunua moja moja kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila nepi. Kwa familia inayotegemea kahawa, maharage na ndizi, ambayo fedha yake huja kwa msimu, matumizi ya kila siku ya namna hii ni mzigo mzito kuliko yanavyoonekana kaunta ya duka.

Sababu ya pili ni taka. Nepi ya kutupwa hutengenezwa kwa nyuzi za mbao, karatasi za plastiki na chembechembe za kemikali ambazo hunyonya maji na kuvimba. Ikitupwa chooni haiozi. Huvimba na kulijaza shimo kabla ya wakati wake. Ikichomwa ikiwa mbichi huungua nusu na kutoa moshi wa plastiki. Ikizikwa kijuujuu kwenye migomba, mbwa huifukua, na mvua huisomba hadi kwenye kijito ambako kaya ya bondeni huteka maji. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza kutekelezwa nchini tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, nepi hazikuguswa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, wajibu wa kusimamia taka ngumu uko kwa mamlaka za serikali za mitaa, lakini kijiji ambacho hakifikiwi na gari la taka hubaki na taka zake.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama Uingereza, kwa kuwa huko baadhi ya halmashauri huwasaidia wazazi moja kwa moja kupata nepi za kufua, kwa njia ya vocha au marejesho ya sehemu ya gharama. Halmashauri hizo hazifanyi hivyo kwa huruma tu. Kila nepi iliyotumika hukusanywa na gari la halmashauri, na tangu mwaka 1996 kuna kodi maalumu inayotozwa kwa taka zinazofukiwa dampo. Nepi isiyotupwa ni fedha iliyookolewa, na sehemu ya fedha hiyo humrudia mzazi. Katika kijiji kisicho na gari la taka hesabu hiyo haipo. Gharama ya nepi iliyotupwa haiingii katika vitabu vya halmashauri. Hulipwa na shimo la choo, na kijito, na mtoto anayecheza karibu na jalala. Ndiyo maana vocha za mtindo wa Uingereza haziwezi kuhamishiwa Ngara zikiwa kama zilivyo, na ndiyo maana msaada wa halmashauri hapa unapaswa kutafutwa kupitia milango mingine.

Uingereza inatoa pia somo la tahadhari. Utafiti wa serikali ya nchi hiyo uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa nepi ya kitambaa haiwi rafiki wa mazingira kwa jina tu. Ikifuliwa kwa maji ya moto kupita kiasi na kukaushwa kwa mashine ya umeme, faida yake hupotea. Ikianikwa nje na kurithiwa na mtoto wa pili, faida huonekana wazi. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa nepi za kufua huchangia ongezeko la joto duniani kwa asilimia 25 pungufu ya zile za kutupwa. Mama wa Nyakisasa anayefua kwa mikono na kuanika juani tayari yuko upande wenye nafuu bila kuambiwa na mtu. Shida yake ni maji.

Kaya inayotumia ndoo 2 za lita 20 kila siku kwa ajili ya nepi peke yake itateka lita 1,200 kwa mwezi wa siku 30. Hizo ni kilo 1,200 kichwani, mara nyingi kichwani mwa mwanamke au binti, katika nchi ya vilima ambako chemchemi huwa bondeni na nyumba juu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku kwa wakazi wa vijijini, katika kituo kisichozidi umbali wa mita 400. Mahali ambapo kiwango hicho kimefikiwa, nepi ya kitambaa ni nafuu bila ubishi. Mahali ambapo bomba liko mbali, kumhimiza mama aache pampasi bila kumsogezea maji ni kumhamishia gharama kutoka mfukoni kwenda mgongoni. Wataalamu wa maendeleo ya jamii wanaotoa elimu hii hawana budi kuanza kwa kuuliza maji yako wapi.

Kuhusu matumizi yenyewe, mtoto mchanga huweza kuchafua nepi 10 au zaidi kwa siku katika majuma ya kwanza, kisha idadi hupungua. Akiba ya nepi 20 hadi 24 inatosha kwa kaya inayofua kila siku au kila baada ya siku moja, na inaacha nafasi kwa siku za mvua ambapo nguo hazikauki. Kitambaa kinachofaa ni cha pamba: flana, taulo au shuka iliyokwisha kulainika. Kitambaa cha nailoni au poliesta hakinyonyi. Kinafaa kwa kifuniko cha nje tu, na kifuniko hicho kisibane mapaja.

Kosa linalosababisha madhara makubwa zaidi ni imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kinayo. Hubeba vimelea vya kuhara na minyoo sawa na cha mtu mzima. Kwa hiyo kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, si jalalani wala migombani. Nepi zilizochafuka ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na mtoto anayetambaa, kwa kuwa mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache ya ndoo. Zifuliwe katika beseni lisilooshewa vyombo wala kuandaliwa chakula, kwa sabuni na maji ya moto kadiri yanavyopatikana, na maji machafu yamwagwe chooni au katika shimo lililo mbali na chanzo cha maji. Kufulia nepi kijitoni ni kumpelekea jirani wa bondeni ugonjwa. Anayefua anawe mikono kwa sabuni amalizapo, na vivyo hivyo kila anayembadilisha mtoto.

Usuuzaji haupaswi kufanywa kwa haraka. Sabuni inayobaki katika kitambaa huchoma ngozi laini ya mtoto, na vilainisha nguo hupunguza uwezo wa pamba kunyonya. Dawa ya kung'arisha nguo ikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha nyuzi.

Kisha jua. Nepi zianikwe kwenye kamba, zikiwa zimetandazwa, mahali penye mwanga wa moja kwa moja hadi zikauke kabisa. Zisianikwe juu ya nyasi, ardhini au kivulini. Yupo inzi, anayepatikana katika maeneo mengi ya Afrika ya kitropiki, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo zenye unyevu. Mabuu yake hupenya ngozi na kuota kama jipu. Nepi iliyokauka kivulini, au iliyoanuliwa na unyevu, ipigwe pasi ya moto pande zote, hasa kwenye mishono, kwa sababu joto la pasi huua mayai hayo. Katika miezi ya mvua, ambapo jua la Ngara huonekana kwa saa chache, pasi ya mkaa huwa sehemu ya usafi wa mtoto.

Mtoto abadilishwe mara anapolowa, kwani kitambaa hakifichi unyevu kama pampasi. Mama huugusa na kuutambua, jambo ambalo kwa kweli ni faida. Wekundu wa ngozi usiopungua baada ya siku mbili au tatu za kubadilisha mara kwa mara na kumwacha mtoto wazi kwa muda, au wenye vidonda na usaha, upelekwe zahanati au kituo cha afya.

Ama kuhusu halmashauri, hakuna sheria ya nchi inayotaja nepi kama huduma ambayo kila mzazi anastahili kugawiwa. Mlango ulio wazi zaidi ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyowekwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kwa marekebisho ya mwaka 2018: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi wake na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi cha ushonaji kinachotaka kutengeneza nepi, pamoja na taulo za kike za kufua ambazo hutumia cherehani na vitambaa vya aina moja, kinaweza kuomba fedha za vifaa hivyo kama ilivyo kwa mradi mwingine wowote halali wa kiuchumi. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, huchambuliwa ngazi ya kata, kisha ya halmashauri.

Mkopo ni deni, na nepi ni bidhaa ambayo mnunuzi wake harudi mapema: aliyenunua 20 leo hatahitaji nyingine mwezi ujao. Kikundi kinachoandika andiko la mradi kwa kudhani kila mama wa kata atakuwa mteja wa kila mwezi kitakwama kwenye marejesho. Ni busara zaidi nepi ziwe bidhaa mojawapo kati ya sare za shule, mashuka na taulo za kike. Mlango wa pili unasaidia hapo: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi nunuzi kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa na kujiunga na mfumo wa NeST kinaweza kushindania zabuni za mashuka na nguo za wodini katika vituo vya huduma za afya.

Mlango wa tatu ni maji. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulianza mwaka 2019, na miradi yake huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Hoja ya kituo cha maji kilichoharibika au kilicho mbali huwasilishwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mwanakijiji mtu mzima ni mjumbe wake, na kutoka hapo hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata.

Elimu ya usafi wa mtoto hutolewa bila malipo kliniki ya mama na mtoto na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa wanaokusudia kuomba mkopo, afisa wa kata atahitaji kuona katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na vitambulisho vyao, muhtasari wa kikao kilichoridhia kukopa, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na andiko la mradi linaloonesha bei ya kitambaa, idadi ya cherehani na nani hasa atakayenunua.