Daraja la Daraja: Namba za Njano kwenye Magari ya Jeshi la Mwingereza

Mwalimu wa Kiswahili akiwauliza wanafunzi wake maana ya neno "daraja", wengi watataja kile kinachotuvusha mtoni. Wachache watakumbuka kwamba daraja ni kiwango au cheo vilevile, kama tunaposema mwanafunzi amepata daraja la kwanza. Maana zote mbili zimetokana na neno la Kiarabu lenye wazo la hatua au kidato cha ngazi. Makala haya yanahusu alama moja ya kijeshi ambamo maana hizo mbili zilikutana, na yanauliza historia yake inatufundisha nini sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda.

Msomaji aliyewahi kutazama picha za magari ya jeshi la Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huenda ameona duara la njano mbele ya gari, lenye namba nyeusi katikati. Namba hiyo haikuwa ya usajili wala ya kikosi. Ilikuwa namba ya daraja, yaani kiwango cha mzigo ambao gari hilo lingelitwisha daraja wakati wa kuvuka. Daraja nalo lilipewa namba yake, ikaandikwa kwenye kibao kabla ya kufika mtoni. Kanuni ilikuwa nyepesi: namba ya gari ikiwa sawa na ya daraja au ndogo kuliko hiyo, vuka, ikizidi, simama utafute njia nyingine.

Namba hiyo ilikaribiana na uzito wa gari lililopakiwa, kwa tani za Kiingereza, lakini haikuwa uzito mtupu. Wahandisi waliangalia pia umbali kati ya ekseli na jinsi mzigo ulivyogawanyika juu yake. Magari mawili yenye uzito mmoja yaweza kulielemea daraja kwa namna tofauti: lile fupi hukusanya uzito wake mahali pamoja, na lile refu huutawanya. Gari lililozoea kuvuta trela au mzinga liliandikwa namba mbili, moja juu ya nyingine kama sehemu katika hesabu: ya juu kwa gari pamoja na kinachovutwa, ya chini kwa gari peke yake. Hesabu ngumu zilimalizwa mapema na wataalamu, ili dereva alinganishe namba mbili tu, hata usiku, hata akiwa chini ya mizinga ya adui.

Haja hiyo ilikua zaidi yalipokuja madaraja ya Bailey, yaliyobuniwa na mhandisi Mwingereza Donald Bailey mwanzoni mwa vita. Daraja hilo liliungwa kwa fremu za chuma zenye urefu wa futi 10 na uzito wa ratili 570, yaani kilo 260 hivi, ambazo watu sita waliweza kuzibeba. Uzuri wake ni kwamba nguvu zake ziliongezwa kwa fremu zilezile. Ukitaka kupitisha vifaru badala ya malori, uliongeza safu ya pili au ya tatu ubavuni, au ghorofa juu yake, na namba ya daraja ikapanda.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuwa watazamaji katika historia hii. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama wa porini, ilipigana Burma mwaka 1944. Ndani yake ilikuwamo Bataliani ya 4 ya King's African Rifles, yaani KAR, iliyokuwa ya Uganda. Divisheni hiyo ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye tope lililomeza magari, ikafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Hapo wahandisi wa jeshi walitandika daraja la Bailey lenye kuelea, urefu wake futi 1,154, yaani mita 350 hivi. Wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya Bailey duniani.

Jeshi hilo lilikuwa na lugha nyingi. Walikuwamo Waacholi, Wateso, Wakamba na Wanyasa, na maofisa Waingereza. Kiswahili kilitumika sana kama lugha ya amri, ingawa vikosi vya Nyasaland vilitumia Kinyanja. Kiswahili hicho cha KAR kilikuwa chepesi: upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, na msamiati ulitosha kambi na gwaride. Kilifanya kazi yake, kama daraja lililotandikwa kwa haraka ili kupitisha magari madogo.

Tatizo letu Uganda lilianzia hapo. Watu wengi walikutana na Kiswahili kwanza mdomoni mwa askari, na utawala wa Idi Amin, uliokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, ulizidisha chuki hiyo. Walikipima Kiswahili chote kwa kiwango cha lugha ya amri. Ni sawa na mtu aliyeona daraja la safu moja likiyumba chini ya lori, akaamua kwamba chuma hakifai kwa madaraja.

Historia ya vita yenyewe inatuonya tusidharau madaraja. Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, yalilibomoa daraja la Kyaka mwezi Novemba 1978. Jeshi la Tanzania lililazimika kupata njia ya kuvusha silaha nzito kabla ya kusonga mbele, na Aprili 1979 likaingia Kampala pamoja na wapiganaji wa Uganda. Katika miaka ya amani, mwezi Mei 2024, magari mazito yalizuiwa kupita daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963 katika njia ya kwenda Gulu, kwa sababu lilikuwa limechoka. Madereva wengi wa malori yatokayo Mombasa kwenda Sudan Kusini ni wasemaji wa Kiswahili. Je, tunayo maneno sanifu ya kumweleza dereva kama huyo mzigo wa ekseli, kiwango cha daraja na sababu ya kuzuiwa?

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni maandishi kwenye kibao. Namba ya kibao haiongezi nguvu za daraja. Fremu ndizo huongeza. Kwetu sisi fremu hizo ni istilahi, vitabu na walimu waliofunzwa vizuri. Ninawaomba walimu wenzangu tuanze na somo moja la istilahi za barabara na uchukuzi, wanafunzi waende kwa madereva na mafundi, wakusanye maneno yanayotumika, kisha tuyajadili darasani. Mizizi na viambishi tulivyo navyo vinatosha. Kilichobaki ni kuongeza safu.