Utando wa seli: Ukuta wa mafuta unaohifadhi uhai

Mimina mafuta ya kupikia katika bilauri ya maji, ukoroge, kisha usubiri. Baada ya muda mfupi mafuta yatajitenga na kuelea juu. Tabia hiyo, ambayo kila mpishi anaifahamu, ndiyo msingi wa ukuta unaozingira kila seli, iwe ya bakteria, ya mgomba au ya binadamu. Ukuta huo ni utando mwembamba uliojengwa kwa protini na mafuta ambayo wanasayansi huyaita lipidi.

Lipidi iliyo muhimu zaidi katika utando ni fosfolipidi. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe katika safu mbili: vichwa huelekea kwenye maji, ndani na nje ya seli, nayo mikia hujificha katikati. Unene wa utando huo ni takriban nanomita 5, hivi kwamba zingehitajika tando 200,000 kupangwa moja juu ya nyingine ili kutimiza milimita 1.

Safu hizo mbili zilitambuliwa mwaka 1925 nchini Uholanzi na Evert Gorter na François Grendel. Walitumia chembechembe nyekundu za damu, ambazo kwa mamalia hazina kiini wala tando nyingine ndani yake. Walikamua lipidi zake, wakazitandaza juu ya maji na kupata kwamba zilifunika eneo maradufu ya lile la chembechembe zenyewe. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa wamefanya makosa mawili ya vipimo yaliyofutana, lakini hitimisho lao lilikuwa sahihi.

Hata hivyo, utando si kitu kigumu kama ukuta wa mawe. Mwaka 1972, Wamarekani S. Jonathan Singer na Garth Nicolson waliueleza kuwa kimiminiko ambamo protini huelea. Hata kolesteroli, inayolaumiwa kwa maradhi ya moyo inapozidi katika damu, ina kazi yake hapa. Huzuia utando kulegea kupita kiasi wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi.

Oksijeni hupenya safu ya mafuta bila shida. Chumvi na sukari haziwezi, nayo maji hupita kwa shida. Vitu hivyo hutegemea milango maalumu ya protini. Peter Agre, aliyegundua mlango wa maji, na Roderick MacKinnon, aliyechunguza mlango wa ioni za potasiamu, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Milango hiyo ndiyo inayoamua hatima ya mgonjwa wa kipindupindu. Sumu ya bakteria wa ugonjwa huo huifanya milango ya seli za utumbo ibaki wazi, ioni za kloraidi zikatoka na maji yakafuata. Mgonjwa aweza kufa kwa muda wa saa chache. Lakini upo mlango mwingine ambao sumu hiyo haiuharibu. Mlango huo huingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, kama Robert Crane alivyoeleza mwaka 1960, na maji hufuata nyuma yake.

Ujuzi huo ulijaribiwa mwaka 1971, wakati vita vya Bangladesh vilipowafurusha mamilioni ya watu hadi India. Kipindupindu kilipozuka kambini Bongaon na dripu kuadimika, Dkt Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vilipungua kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Ndiyo sababu mzazi ambaye mtoto wake anaharisha hushauriwa kumpa ORS. Pakiti isipopatikana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Usikadirie kwa macho, kwani chumvi ikizidi ni hatari. Wala usimpe maji ya sukari pekee, kwa kuwa mlango ule hudai vitu vyote viwili. Mtoto aliyelegea, au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitalini mara moja.

Sabuni nayo hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo ya mafuta na maji. Virusi vya mafua, Ebola na Covid-19 huvaa gamba la lipidi vilivyolichukua kutoka kwa seli vilimozaliwa. Molekuli za sabuni, ambazo pia zina kichwa na mkia, hujipenyeza katika gamba hilo na kulivunja. Virusi visivyo na gamba, kama vile rota, vinavyosababisha watoto kuharisha, havivunjwi kwa urahisi namna hiyo, lakini kusugua na kusuuza kwa maji huviondoa mikononi.

Basi anayesugua mikono kwa sabuni kwa angalau sekunde 20 anawapokonya adui hao vazi lao, na anayepima chumvi na sukari kwa makini anaufungulia uhai mlango ambao ugonjwa haukuweza kuufunga.