Upanga Uvunjikao: Wachezaji na Nchi ya Hyrule

Hadithi haikamiliki kwa msimulizi peke yake. Bibi akisema "Paukwa", hungoja aitikiwe "Pakawa". Asipoitikiwa hunyamaza, na hadithi ikalala. Ada hii ya kuitikiana, ambayo mtoto wa visiwani huijua kabla hajajua kusoma, yafaa kukumbukwa inapotajwa fani moja changa ambayo wapenzi wengi wa fasihi wangali wakiitazama kwa jicho la pembeni, nayo ni michezo ya video. Katika fani hiyo msikilizaji haitikii kwa sauti tu. Yeye ndiye anayetembea ndani ya hadithi, ndiye anayeinua upanga na ndiye anayepotea njia. Kwa hiyo sifa na malalamiko yake si kelele za nje ya baraza. Ni sehemu ya historia ya kazi yenyewe. Jambo hili halionekani wazi mahali pengine popote kama katika mfululizo wa Kijapani uitwao The Legend of Zelda, na hasa katika mchezo wake wa mwaka 2017, Breath of the Wild, uliosifiwa sana na kubishaniwa sana.

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huo ulitoka Japani tarehe 21 Februari 1986. Uliundwa na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, ambayo ilianzishwa mwaka 1889 kwa kazi ya kutengeneza karata. Waliouongoza ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Miyamoto, aliyezaliwa mwaka 1952 katika mji mdogo wa Sonobe, amesimulia mara nyingi jinsi utoto wake ulivyompitisha katika vilima, misitu na mapango ya kwao, na jinsi alivyotaka kumpa mchezaji ile ladha ya kugundua jambo pasi na kuelekezwa. Basi kijana Link alitupwa katikati ya uwanda wa nchi ya Hyrule bila ya upanga, mbele yake njia kadhaa na mlango wa pango, wala hakuambiwa aende wapi. Akitaka kumfikia Binti Mfalme Zelda na kumshinda adui Ganon, sharti atafute mwenyewe. Waundaji walikuwa na hofu kwamba watu watapotea na kuchoka. Kinyume chake, watoto walichora ramani kwa mikono yao na kuuzana siri: kichaka gani kikichomwa hufichua ngazi, na mwamba gani ukilipuliwa hufungua mlango. Uhuru ule uliwalazimisha wachezaji kusemezana, na katika kusemezana huko ndimo maoni yao yalimozaliwa.

Miaka ilivyopita, uhuru huo ulitiwa katika kanuni. Mchezo wa mwaka 1991, A Link to the Past, na hasa Ocarina of Time wa mwaka 1998, uliompeleka Link kwa mara ya kwanza katika ulimwengu wa pande tatu, iliweka utaratibu uliokuja kuwa kama arudhi. Shujaa huingia katika hekalu au handaki, hupata chombo kipya, hutumia chombo hicho kufumbua mafumbo ya mahali hapo, humshinda mlinzi wake, kisha njia ya kwendea handaki jingine hufunguka. Wahakiki wa jarida la Kijapani la Famitsu waliupa Ocarina of Time alama 40 kwa 40, daraja ambalo mchezo wowote haukuwa umelifikia kabla yake. Wachezaji waliokulia katika utaratibu huo waliuona kuwa ndio Zelda yenyewe, kama vile kuna watu ambao kwao shairi lisilo na vina si shairi.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulikuja kwa sababu ya bahari. Mwaka 2000 Nintendo ilionyesha picha fupi za Link na Ganon wakipigana kwa sura inayofanana na ya watu halisi. Mwaka uliofuata ikaonyesha kitu kingine kabisa: mtoto mwenye macho makubwa, aliyechorwa kwa namna ya katuni. Wapenzi wengi wa mfululizo walihisi wamedanganywa. Walitania, wakakasirika, wakasema mchezo wa mashujaa umefanywa wa watoto wadogo. Wind Waker ulipotoka Japani mwishoni mwa mwaka 2002, na kwingineko mwaka 2003, ulionekana kuwa hadithi ya huzuni kubwa iliyovaa nguo za furaha. Hyrule ya zamani imezama chini ya maji, na waliobaki wanaishi katika visiwa bila ya kujua kilichoko chini ya vyombo vyao. Link husafiri kwa mashua yenye kusema, na hugeuza upepo kwa kijifimbo kama cha kiongozi wa bendi.

Hapo malalamiko yalibadili sura. Wengi waliacha kulaumu uso wa Link, wakalaumu safari: bahari ni pana mno, upepo hauna budi kubadilishwa kila chombo kinapogeuka, na kuzoa vipande vya hazina kutoka chini ya maji karibu na mwisho wa mchezo kunachosha. Mwambao unaojua maana ya kungojea kaskazi na kusi haushindwi kulielewa lalamiko hili, wala haushindwi kuwaelewa waliosema kwamba upana ule wa maji ndio uliovipa visiwa thamani. Mchezo ulipotolewa upya mwaka 2013, waundaji waliongeza tanga la mwendo wa kasi na kuifupisha ile kazi ya kuzoa vipande. Sura ya katuni, iliyochukiwa kuliko yote, hawakuigusa. Na sura hiyo hiyo ndiyo leo inayosifiwa kuwa haikuzeeka.

Baada ya ghasia hizo Nintendo iliwapa wachezaji walichokiomba. Mwaka 2004 ilipotangaza mchezo wenye sura ya utu uzima na giza, ukumbi wa maonyesho mjini Los Angeles ulijaa vifijo. Twilight Princess ulitoka mwaka 2006 na ukapendwa, lakini wako walionong'ona kwamba unaikariri mno kazi ya mwaka 1998. Kisha ukaja Skyward Sword mwaka 2011. Huo ulimshika mchezaji mkono kwa namna ambayo wengi hawakuistahimili. Roho iliyokaa ndani ya upanga ilimweleza Link yale aliyokwisha kuyaona, na ilimkumbusha hata kwamba betri za kifaa kilichomo mkononi mwa mchezaji zinakaribia kwisha. Utaratibu uliokuwa arudhi ulikuwa sasa pingu. Mapema mwaka 2013 Eiji Aonuma, mtayarishaji wa mfululizo, alitangaza hadharani kwamba imefika wakati wa kuzifikiria upya desturi za Zelda, na ya kwanza aliyoitaja ni ile ya kumaliza mahandaki kwa mpangilio uliowekwa.

Matunda ya kauli hiyo yalionekana tarehe 3 Machi 2017. Breath of the Wild, ulioongozwa na Hidemaro Fujibayashi chini ya Aonuma, uliurudia mwaka 1986. Hata wakati wa kuutayarisha, waundaji walitengeneza kielelezo kidogo kilichofanana na ule mchezo wa kwanza ili kuyajaribu mawazo yao. Ili kupima umbali, Fujibayashi aliitandaza ramani ya Kyoto juu ya nchi ya Hyrule, apate kujua kwa miguu ya kumbukumbu safari ya mahali fulani ni ndefu kiasi gani. Mchezaji akishuka kutoka uwanda wa juu anakoanzia, anaweza kupanda takriban kila jabali, kuelea angani kwa kitambaa, kuchoma nyasi ili moto uzae upepo wa kumwinua, au kwenda moja kwa moja kumkabili Ganon akiwa na fimbo na kifuniko cha sufuria. Kuna mahekalu madogo 120 ya mafumbo na mbegu 900 zilizofichwa chini ya mawe na juu ya vilele. Wahakiki waliusifu kwa kauli karibu moja, na mwishoni mwa mwaka huo ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Kwenye mashine ya Switch pekee umeuza zaidi ya nakala milioni 30.

Hata hivyo, wachezaji hawakukubaliana. Waliousifu walitaja jambo moja kwa maneno mengi: kwamba kila walichokiona kwa mbali waliweza kukifikia, na kwamba safari ya mmoja haikufanana na ya mwenziwe. Waliolalamika walikuwa na orodha ndefu zaidi. Mvua huteremka wakati mtu yuko nusu ya jabali, na mikono ikateleza. Mahandaki makubwa yamebaki manne tu, nayo yanafanana. Hadithi imetawanywa katika kumbukumbu zinazookotwa huku na huku. Muziki umekuwa vipande vichache vya piano na kimya kirefu, hali ya kuwa masikio yalizoea nyimbo za ushujaa. Na aliyezikusanya mbegu zote 900 alipewa zawadi yenye umbo la kinyesi cha dhahabu. Wengine walicheka, wengine waliona wamedhihakiwa.

Lakini lalamiko lililoshinda yote lilihusu silaha. Katika Breath of the Wild panga, mikuki na ngao huvunjika baada ya mapigo machache. Hata ule upanga mkuu wa hadithi zote za Zelda, ambao hauvunjiki, huishiwa nguvu na lazima upumzishwe. Mhakiki mmoja wa Kiingereza aliyeuchukia uvunjikaji huo aliupa mchezo alama 7 kwa 10, na kwa kosa hilo tovuti yake ilishambuliwa na kuzimwa kwa muda. Kwa wale waliomshambulia, kupenda kazi na kukataza isisemwe vibaya yalikuwa ni jambo moja. Nao walikosea, kwa kuwa lalamiko lake liligusa moyo wa kazi kuliko sifa nyingi zilizokuwa zikimiminwa.

Mchezo uliokwisha kuondoa njia, mpangilio na kiongozi unahitaji kitu kingine cha kuushikilia. Laiti upanga mzuri ungedumu milele, atakayeupata saa ya kwanza asingekuwa na haja ya mwingine. Kila sanduku atakalofungua baadaye lingekuwa tupu, na kila kambi ya maadui ingekuwa ya kupitwa tu. Uvunjikaji ndio unaomtoa mtu katika mazoea, akaokota mfupa, akarusha jiwe, akasukuma gogo kutoka mlimani. Vivyo hivyo mvua humlazimisha kutafuta njia nyingine au kuwasha moto chini ya mwamba na kungoja. Hoja ya wapinzani nayo ina uzito. Walieleza kwamba mtu akijua silaha yake njema itavunjika, huiweka akiba asiitumie, na vita ambavyo malipo yake ni madogo kuliko upanga ulioteketea huvikimbia. Kanuni iliyokusudiwa kumpa ujasiri humfanya bahili.

Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili si wageni wa ugomvi wa aina hii. Baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, mabishano makali juu ya vina na mizani yaligawa wanazuoni. Upande mmoja ulishikilia kwamba bila ya arudhi hakuna shairi. Wa pili ukashikilia kwamba arudhi ni kifungo. Lakini mshairi aliyeacha kina alilazimika kutafuta kibano kingine, ama katika taswira, ama katika pumzi ya mstari, ama katika uzito wa neno moja. Breath of the Wild uliacha vina vya mwaka 1998, na kibano ulichokichagua badala yake ni upanga uvunjikao. Mtu ana haki ya kukiona kibano hicho kuwa kibaya. Akidai kiondolewe na kisiwekwe kitu mahali pake, atakuwa anaomba utungo uliolegea.

Jibu la waundaji lilikuja tarehe 12 Mei 2023 katika Tears of the Kingdom, uliouza nakala milioni 10 katika siku 3 za mwanzo. Silaha ziliendelea kuvunjika. Ila safari hii mchezaji alipewa uwezo wa kuunganisha vitu: jiwe kwa fimbo, pembe ya jitu kwa upanga ulioliwa na kutu. Kilichovunjika kikawa mwanzo wa kubuni kingine. Wengi waliokuwa wakinung'unika waliridhika, na manung'uniko mapya yakazuka: kwamba Hyrule ni ile ile ya zamani japokuwa imeongezwa visiwa vya angani na giza la chini ya ardhi, na kwamba anayeokota kumbukumbu bila ya mpangilio hujua siri ya hadithi kabla ya wakati wake. Wako pia waliotamani mahandaki ya kale. Aonuma, alipoulizwa juu yao mwaka huo, alishangaa kwamba mtu angependa kurudia kilicho na mipaka zaidi, ingawa alitambua nguvu ya hamu ya mambo ya zamani.

Mshangao huo ulikuwa na upungufu. Waliotamani mahandaki hawakuwa wakitamani kufungwa. Walitamani fumbo refu lililopangwa na mtu mmoja kwa ajili ya mwingine, ambalo mwisho wake hukutanisha vipande vyote kwa mara moja. Hicho ni kitu halisi, na Breath of the Wild ulikitoa sadaka ili upate upana wake. Waliofurahia upana hawana sababu ya kukana kwamba sadaka ilitolewa, na waliopoteza wana haki ya kuililia.

Katika muda wote huo Nintendo haikufuata maoni ya wachezaji neno kwa neno. Iliongeza kasi ya tanga ikaibakisha katuni. Ilipoutoa upya Skyward Sword mwaka 2021 iliinyamazisha ile roho ya upanga kwa asiyeihitaji. Iliwaacha watu na upanga uvunjikao, ikawapa cha kufanya na vipande vyake. Wachezaji walikuwa wepesi wa kujua mahali panapouma, na si kila mara walijua dawa. Msimulizi aliyeziba masikio angebaki na pingu za mwaka 2011, na aliyetii kila sauti asingethubutu kuivusha Hyrule baharini. Baraza la Zelda lingali limejaa watu wanaobishana, na kwa kadiri wanavyobishana ndivyo inavyojulikana kwamba hadithi bado inaitikiwa.