Nani Aliyerudi? Vitabu vya Hatari na Njia ya Kigwa

Vitabu vya hatari vina ufundi mmoja wa kale. Msomaji hukishika kitabu jioni kwa nia ya kusoma sura moja. Mara husikia majogoo yakiwika, na sura zilizobaki ni mbili tu. Kilichomfunga kitini si ila swali moja alilolitia mtungaji chini ya kila ukurasa: je, huyu ataokoka? Wala mimi sijitoi katika hesabu ya waliofungwa hivyo. Katika ujana wangu nilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, hadithi mbili za Kiingereza zilizotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929. Baadaye nikasoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla cha mwaka 1960, na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla cha mwaka 1965. Vyote hivyo vilininyima usingizi, na bado navishukuru.

Lakini siku hizi za karibuni nimesoma vitabu vya hatari vya aina nyingine, yaani habari za safari za kweli zilizopita njia ya zamani kutoka Bagamoyo hata Tabora. Na mahali nilipovisomea pamenifanya nivione kwa jicho ambalo nisingekuwa nalo kama ningalivisoma penginepo. Nilivisoma Kigwa.

Kigwa leo ni kata katika Wilaya ya Uyui, upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Ni nchi ya miyombo na mininga, ya mizinga ya nyuki, ya karanga na tumbaku. Apitaye kwa haraka hataona kitu cha kumsimamisha. Hata hivyo, katika karne ya kumi na tisa jina hili lilijulikana na kila mpagazi. Msafara uliotoka Pwani ulipanda milima ya Usagara, ukavuka Marenga Mkali pasipo maji, ukalipa hongo Ugogo, ukaingia pori la Mgunda Mkali, kisha ukatokea Tura. Kutoka Tura ulipita Rubuga, ndipo ukafika Kigwa. Na aliyefika Kigwa alianza kuinusa Tabora. Burton na Speke waliondoka Pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora, mahali walipopaita Kazeh, tarehe 7 Novemba: siku mia moja na thelathini na zaidi. Kwa mtu aliyekwenda kwa miguu, na mzigo wa ratili sitini au sabini begani, Kigwa ilikuwa habari njema.

Jioni moja nilikuwa nikimsomea mzee mwenyeji wangu habari za Stanley, nikimfasiria kadiri nilivyoweza. Nilipofika mahali pa hatari nilipunguza sauti, kama wafanyavyo wasimulizi, nikamwuliza, "Mzee, wadhani ataokoka huyu?" Akacheka. "Mwanangu," akasema, "huyo alirudi. Kama hakurudi, kitabu angekiandika nani? Niambie wale wengine: nani aliyerudi?"

Neno hilo lilinizindua. Katika hadithi ya kubuni, mtungaji aweza kumwua shujaa wake apendapo, kwa hiyo hofu yetu ni halali. Lakini katika kitabu cha safari ya kweli yuko mtu mmoja tunayejua tangu jalada kwamba aliokoka, naye ni mwandishi. Kumhofia ni kujidanganya. Watu ambao hatujui mwisho wao ni wengine wote, na hao ndio ambao kitabu hakituombi tuwahofie. Kwa kipimo hiki cha mzee nataka kuvipima vitabu vichache nilivyovisoma.

Naanza na Stanley, maana yeye ndiye fundi wa kundi lile. Kitabu chake cha kumtafuta Livingstone kilitolewa mwaka 1872, na msomaji mwenye haki hawezi kukana nguvu yake. Ajua kukawiza habari, ajua kukata sura pale ambapo moyo wadunda, na katika pori la Mgunda Mkali atufanya tuone kiu kooni. Alisafirisha watu mia moja na tisini na wawili, waliogawanywa katika misafara mitano. Wazungu wawili aliowaajiri, Farquhar na Shaw, hawakurudi: wa kwanza alifia njiani baada ya kuachwa kwa ugonjwa, wa pili alifia Unyanyembe. Hao twaelezwa mwisho wao. Baadhi ya wapagazi pia wametajwa, wengine kwa sifa, wengine kwa viboko walivyopigwa. Walio wengi ni hesabu tu ya mizigo: mtu mmoja, mtumba mmoja.

Stanley alipita hapa Kigwa mwezi wa Juni 1871, akakuta nchi imeharibiwa kwa vita kama Rubuga ilivyoharibiwa. Aliandika maneno machache, kisha akaendelea na safari yake, kwa kuwa Tabora ilikuwa mbele na chakula kizuri kilikuwa Tabora. Simlaumu kwa kuwa na haraka. Kila msafiri ana haraka. Lakini tutazame kilicholala chini ya maneno hayo machache. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alifariki mwaka 1858, akarithiwa na Mnywa Sere. Mtemi mpya alitaka kutoza ushuru juu ya bidhaa za Waarabu waliokaa Tabora. Wao wakakataa, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini, akaisumbua njia kuu kwa miaka. Speke alipopita mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha asifaulu. Vita vile vilikwisha kwa Mnywa Sere kukamatwa na kuuawa mwaka 1865. Baadaye akainuka Mirambo wa Urambo, na mwezi wa Agosti 1871, miezi miwili tu baada ya Stanley kupita Kigwa, Tabora yenyewe ilishambuliwa na kuchomwa. Basi, palikuwapo hadithi nzima ya kuokoka na kutookoka, ya watu waliolala porini huku mashamba yao yakiota majani. Katika kitabu kile hadithi hiyo ni mandhari ya kando ya njia.

Yuko mtoto mmoja ambaye kisa chake chaeleza jambo hili kupita hoja zangu zote. Mwaka 1871, huko Unyanyembe, Stanley alipewa kijana mtumwa aliyeitwa Ndugu Mhali. Akambadilisha jina akamwita Kalulu. Akaenda naye Uingereza na Marekani. Mwaka 1873 akatoa hadithi ya kubuni kwa ajili ya vijana, nayo akaipa jina la mtoto huyo: Kalulu mwana wa mfalme, mfalme, na mtumwa. Katika hadithi hiyo mna mapigano, utumwa na kuponyoka, yote kwa desturi ya vitabu vya hatari. Kalulu wa kweli alirudi Afrika pamoja na Stanley katika safari ya pili, akazama katika maporomoko ya mto Kongo mwezi wa Machi 1877. Kwa hiyo Kalulu wa karatasi ndiye aliyepata kusomwa na kuhofiwa. Mtoto wa nyama na damu aliachwa majini. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa tofauti baina ya hatari ya kitabu na hatari ya mtu.

Nilipoona hayo nilikimbilia vitabu vya wenyewe, nikitumaini kwamba Mswahili aliyeandika kwa lugha yake angehesabu vizuri zaidi. Nilisoma safari ya Selemani bin Mwenye Chande, iliyomo katika mkusanyo wa Velten uitwao Safari za Wasuaheli, uliotolewa Ujerumani mwaka 1901. Kisha nikasoma Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambayo matini yake pamoja na tafsiri ya Whiteley vilichapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki miaka ya 1958 na 1959.

Hewa ya vitabu hivi ni nyingine kabisa. Hakuna "kuvumbua", kwa sababu hakuna kilichopotea. Njia ni kazi. Hatari si simba tu; ni deni la Mhindi wa Pwani, ni bei ya pembe, ni hongo iliyozidi, ni njaa, ni wapagazi kutoroka. Habari hutolewa kwa maneno makavu: tulifika, tulikaa, walitupiga, tuliwapiga. Na ukavu huo wenyewe hutisha kuliko mapambo, kwa kuwa msimulizi hakusimama kutuonyesha ujasiri wake.

Lakini kipimo cha mzee hakina upendeleo, na Tippu Tip naye yampasa kupimwa. Asimulia jinsi wapagazi Wazaramu aliowachukua walivyomtoroka, naye akarudi katika vijiji vyao, akakamata mamia ya watu, akawafunga minyororo na kuwapakiza mizigo. Ndipo akapewa jina la Kingugwa Chui, kwa kuwa chui hushambulia huku na huko. Alisimulia kwa fahari. Wale waliofungwa, nani aliyerudi? Hakusema. Basi Kiswahili peke yake hakimfanyi mwandishi kuwa mwadilifu. Anayeongoza msafara huwaona walio nyuma yake kama mstari mmoja, awe Mwingereza au awe Mswahili.

Na wale waliokuwa mstari huo walikuwa watu gani? Wengi wao walikuwa Wanyamwezi wa nchi hii. Mwanachuoni Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameonyesha kwamba wapagazi hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ustadi na desturi zao. Walijua thamani ya kazi yao, waliweza kuigomea, na walikuwa na heshima katika kazi hiyo. Kijana aliyekwenda Pwani akarudi alihesabiwa mwanamume. Kuwaita "wasiojulikana" ni kosa. Walijulikana sana katika vijiji vyao. Wasiojua ni sisi tuliowategemea waliowaajiri kutupa habari zao.

Nimebakisha kitabu kimoja makusudi, kwa sababu chapindua kanuni niliyoitaja. Ni shajara ya mwisho ya Livingstone, iliyotolewa mwaka 1874. Hapa mwandishi hakurudi. Kilichorudi ni kitabu. Na kama kitabu kilirudi pasipo mwandishi, basi wako waliokirudisha.

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili juani, wakaufunga, wakauchukua pamoja na karatasi zake zote kuelekea Pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara, karibu na Tabora, wakamkuta Cameron na wenzake, wagonjwa wa homa. Cameron akawashauri wauzike mwili palepale. Wakakataa. Watazame vizuri watu hawa: wapagazi na watumishi wasimama mbele ya afisa Mwingereza, wamwambia kwamba maiti ya Mwingereza itakwenda kwao.

Walipofika Kasekera waliambiwa kwamba wenyeji wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Hapo walifanya jambo ambalo mtungaji yeyote wa hadithi za upelelezi angelionea wivu. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo hata yakafanana na maiti, wakawapa watu sita wayarudishe Unyanyembe hadharani kama waendao kuzika. Usiku ulipoingia, wale sita wakayatupa mabua porini moja moja, wakatawanyika, wakarudi kwa njia za siri. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine, ukapita machoni pa watu wote. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa London, katika Westminster. Wengi wa waliombeba walilipwa mshahara wao wakaachishwa kazi. Aliyepelekwa mazikoni alikuwa Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, na simulizi lao ndilo alilolitumia mhariri, Horace Waller, kuijaliza shajara.

Najua nitajibiwa kwamba hadithi haiwezi kubeba watu mia mbili. Lazima mmoja awe mbele ili msomaji apate wa kumwandama. Ni kweli, wala sidai vitabu hivi vifungiwe kabatini. Vijana na wavisome, na wakeshe kwa kuvisoma kama nilivyokesha. Bila Stanley tusingejua hata kwamba Kigwa ilikuwa magofu mwezi ule. Lakini tofauti ya msomaji wa starehe na mwanafunzi wa historia ni hii: wa kwanza akimaliza kitabu hukifunga, wa pili hurudi ukurasa wa kwanza akiwa na kalamu, akaandika majina ya waliotoka Pwani, kisha aenda ukurasa wa mwisho akatafuta nani aliyerudi. Kazi hiyo ni ya jasho, na mara nyingi jibu litakuwa tupu. Hata utupu huo ni habari, kwa kuwa waonyesha mwandishi aliacha kutazama wapi.

Siku ya kuondoka nilimsomea mzee kisa cha Kasekera. Safari hii hakucheka. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama wale sita waliotupa mabua waliwakuta wenzao. Nilimjibu kwamba ndiyo, waliwakuta. "Basi hao walirudi," akasema, akaagiza uji uletwe.